Kulwa na Doto: nani mkubwa, na mapacha huletwa na ukoo wa nani?

Haisi ilikuwa imetoka Igoma, hata Buzuruga haijafika, ubishi ukaanza.

Siti ya nyuma ya dereva alikaa mama mmoja anayetoka hospitali na vichanga wawili, mmoja amempakata yeye, mwingine amepakatwa na bibi yao. Abiria wa pembeni akauliza swali ambalo mtu yeyote wa Mwanza angeuliza: "Kulwa yupi?"

"Huyu," mama akasema. "Ndiye aliyetangulia kutolewa."

Mzee wa siti ya tatu akageuka. "Kutolewa? Kwani ulipasuliwa? Basi hapo hakuna Kulwa, mwanangu. Daktari kaokota tu aliyemkuta."

Konda naye, akiwa ananing'inia mlangoni, akatia lake: "Mzee, hata wakizaliwa kawaida, mkubwa ni Doto. Aliyewahi kupanda si ndiye anayesogea siti ya nyuma? Na wa siti ya nyuma si ndiye anayeshuka mwisho?"

Gari zima likacheka. Mimi nilinyamaza, ingawa nilikuwa na haki ya kusema kuliko wote mle ndani, maana jina langu ni Shija. Nimekulia chini ya Kulwa na Doto, na maswali haya nimeyasikia tangu sijaota meno. Nimegundua kwamba watu wakibishana kuhusu mapacha huwa wanachanganya mambo matatu yasiyohusiana: nani katangulia, wametokana na nini, na kaleta nani. Kila moja lina jibu lake.

Nianze na majina. Kwa Wasukuma, Kulwa ni pacha aliyetoka kwanza, Doto ni aliyemfuata. Hakuna cha ziada. Majina haya hayajali jinsia, Kulwa anaweza kuwa wa kike na Doto wa kiume, au kinyume chake. Hayajali pia kama wanafanana. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ndiye Shija, naye awe wa kike au wa kiume, jina ni hilohilo. Leo ukienda Dar es Salaam au Tanga utakuta akina Kulwa na Doto ambao koo zao hazijawahi kuonja maji ya ziwa hili. Na mwaka 2023, Doto Biteko alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu, jina hilo likawa halikosekani kwenye taarifa ya habari.

Ukiyatazama majina ya Kisukuma kwa utulivu utaona mengi ni kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa. Mabula na Kabula walikuja na mvua. Kashinje alitanguliza miguu. Kabla ya kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa, jina lenyewe ndilo lilikuwa cheti. Mtu akikutajia jina, umeshajua nusu ya yaliyotokea chumbani kwa mkunga.

Na si Wasukuma peke yao. Zunguka ziwa hili utakuta majirani wengi wana majina yao ya mapacha. Kwa Wajaluo wa Rorya na wa ng'ambo ya mpaka kule Kenya, wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, jina linalobeba maana ya haraka, na wa pili ni Odongo au Adongo, yule aliyebaki. Anayewafuata ni Okello au Akello, yaani Shija wao. Waganda wametenganisha jinsia: pacha wa kwanza wa kiume ni Wasswa, wa kike Babirye; wa pili wa kiume ni Kato, wa kike Nakato. Anayefuata ni Kizza. Wao wana jina hata la mtoto aliyewatangulia mapacha, anaitwa Kigongo (watu wa Busisi msichangamke, hakihusiani na kivuko chenu cha zamani cha Kigongo–Busisi). Wazazi nao hupandishwa cheo: baba anakuwa Ssalongo na mama Nnalongo, na wataitwa hivyo mpaka kaburini. Huku kwetu mama alipata mapacha akabaki Mama Kulwa tu. Doto hajawahi kusamehe.

Sasa turudi kwa konda. Hoja yake tusiidharau, kwa sababu kuna taifa zima linalokubaliana naye. Wayoruba wa kusini magharibi mwa Nigeria humwita pacha wa kwanza Taiwo na wa pili Kehinde, lakini kwao mkubwa ni Kehinde. Wanasema Kehinde, kama mkubwa yeyote mwenye heshima zake, alimtuma mdogo wake atangulie akaionje dunia kama inafaa, ndipo naye akafuata. Kwa mila, hoja hiyo imekamilika na mimi sina ubishi nayo. Kila jamii ina haki ya kuamua nani atangulie kunawa mikono.

Lakini konda hakuwa anazungumza mila, alikuwa anazungumza jinsi mimba inavyotungwa, na hapo kakosea. Mfuko wa uzazi hauna siti ya nyuma. Kama mapacha wametokana na mayai mawili, mayai hayo hutoka katika mzunguko uleule wa mwezi, na kwa kuwa yai huishi kama siku moja tu likisubiri mbegu, tofauti ya kutungwa kwao ni ya saa. Kila yai lililorutubishwa linateremka, linajishikiza kwenye ukuta wa mfuko pale lilipobahatika. La kwanza kufika linaweza kujishikiza juu, chini, au pembeni. Baadaye watoto wanakua, wanageuka, wanasukumana. Atakayetoka kwanza ni yule ambaye mwishoni yuko karibu na mlango, si kwa sababu alipanda mwisho. Na kama wametokana na yai moja, hoja ya konda inakufa kabisa: hapakuwa na wa kwanza wala wa pili, palikuwa na mmoja aliyegawanyika.

Na upasuaji je? Mzee alikuwa na nusu ya ukweli. Mara nyingi daktari hukutana kwanza na yule aliye chini, karibu na anapopasua, ambaye huwa ndiye angetangulia hata kwa njia ya kawaida. Mara nyingi, si mara zote. Kwa hiyo inawezekana kweli kwamba upasuaji umembadilishia mtu jina. Lakini Kulwa halikuwahi kuwa jina la anayestahili kutangulia. Ni jina la aliyetangulia. Hospitalini, muda wa kila mtoto huandikwa, pacha wa kwanza na pacha wa pili, na yule mama kwenye haisi alikuwa na karatasi yake. Aliitoa kwenye mkoba akampa mzee. Walipishana dakika mbili. Mzee akaisoma, akaikunja vizuri, akairudisha, akasema, "Haya, nimemwona Kulwa."

Mkanganyiko huu ni wa zamani kuliko hospitali. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia uzazi wa Tamari: pacha mmoja akatoa mkono nje, mkunga akawahi kuufunga uzi mwekundu ili ajulikane kuwa ndiye wa kwanza. Mtoto akarudisha mkono ndani, na ndugu yake akampita akatoka! Aliyetoka aliitwa Peresi, mwenye uzi akaitwa Zera. Huyu Peresi ndiye babu wa kale wa mfalme Daudi. Ungewauliza wakunga wa Usukumani wangesema Peresi ndiye Kulwa, uzi ni pambo tu.

Tofauti ya kawaida kati ya pacha na pacha ni dakika, mara nyingi haifiki nusu saa. Usiku wa kuamkia mwezi mpya dakika hizo zinatosha kuwapa tarehe tofauti, na wakishuhudia saa sita ya usiku wa Desemba 31, hata miaka tofauti. Yapo ya ajabu zaidi. Nchini Ireland mwaka 2012, pacha mmoja alizaliwa njiti, uchungu ukasimama, na mwenzake akaja siku 87 baadaye. Hebu fikiria kumwita Doto mtu ambaye siku anazaliwa, Kulwa ameshaanza kutabasamu.

Hilo ndilo la kwanza. La pili ni lile la kufanana.

Tumezoea kusema "mapacha wanaofanana" na "mapacha wasiofanana", na maneno haya ndiyo yanayotupoteza, kwa sababu yanatazama sura. Afadhali tuseme wa yai moja na wa mayai mawili. Fikiria mpika chapati. Akichukua donge moja la unga akalikata katikati, atapata chapati mbili za unga uleule, chumvi ileile, mafuta yaleyale. Hao ni wa yai moja. Akichukua madonge mawili kutoka mabakuli mawili yaliyokandwa jikoni humohumo, akayaweka kwenye kikaango kwa wakati mmoja, hao ni wa mayai mawili. Wameiva pamoja, lakini hawakutoka donge moja. Kwa vinasaba, mapacha wa mayai mawili ni ndugu wa kawaida kabisa, kama mimi na kaka zangu, isipokuwa wao walisafiri gari moja.

Ndiyo maana wanaweza kuwa wa kike na wa kiume, mmoja mweusi tii na mwingine maji ya kunde, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kaka zangu wako hivyo. Kulwa ana urefu wa mlingoti wa mtumbwi; Doto akisimama naye unadhani amekuja kumkodi. Shuleni walimu walikuwa wanawauliza kama kweli ni mapacha, na majirani wengine walinong'ona mambo mabaya zaidi kuhusu mama. Hapa niseme wazi. Mapacha wenye baba wawili wamewahi kuthibitishwa kwa vipimo, ni kweli, lakini ni tukio adimu sana. Kutofanana si ushahidi wa chochote. Ndugu wangapi waliozaliwa kwa kupishana miaka miwili hawafanani, na hakuna anayenong'ona?

Kosa jingine linahusu kondo la nyuma. Wapo wanaoambiwa "kondo lilikuwa moja, basi ni wa yai moja". Si lazima. Makondo mawili yakikua jirani yanaweza kuungana yakaonekana moja. Na mapacha wa yai moja, kama yai liligawanyika mapema, ndani ya siku tatu hivi za mwanzo, kila mmoja hujitengenezea kondo lake. Mwenye uhakika ni kipimo cha vinasaba. Kwa wa kike na wa kiume huhitaji hata kipimo, hao ni wa mayai mawili.

Hata wa yai moja si nakala kamili. Alama za vidole hutofautiana, kwa kuwa mistari ile huchorwa tumboni kufuatana na jinsi kila mtoto alivyolala, alivyobanwa na alivyogusa kuta. Kwa hiyo wale wanaotania kwamba pacha anaweza kumsajilia mwenzake laini ya simu kwa kidole chake, mashine itawakatalia. Sura itamdanganya wakala, kidole hakimdanganyi.

Kuna jambo moja hapa linalonifurahisha kuliko yote. Kwa Kizungu, mtoto wa kaka ya baba yako ni binamu tu. Kwetu kaka ya baba ni baba, dada ya mama ni mama, na watoto wao ni ndugu zako, ukiwaita binamu bibi anakukaripia. Sasa chukua mapacha wa yai moja wa kiume, kila mmoja akaoa na kuzaa. Kwa kuwa vinasaba vya baba hao ni vilevile, kipimo kitawaona watoto wao kama wamechangia baba mmoja na mama tofauti. Maabara imefika kwa gharama kubwa pale ambapo Kiswahili kilikuwa kimekaa siku zote.

Na hapo ndipo unaelewa kwa nini watu wanapigania ukubwa wa dakika mbili. Kaka ya baba lazima awe baba mkubwa au baba mdogo, hakuna baba wa kati. Watoto wa Doto watamwita Kulwa baba mkubwa, na wa Kulwa watamwita Doto baba mdogo, maisha yote. Kwenye kikao cha mahari, baba mkubwa ndiye anayefungua mazungumzo. Sisi kina shangazi hatuna tatizo hilo. Shangazi ni shangazi, awe amezaliwa kabla au baada.

Zipo nyakati ambapo yai moja huchelewa kugawanyika. Likichelewa kupita kama siku ya kumi na tatu, mgawanyiko huweza kuishia njiani, na watoto wakazaliwa wameungana. Si laana, wala mama hakuangalia kitu kibaya. Dunia iliwahi kuwaita watoto hao kwa jina la Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, kwa sababu ya Chang na Eng waliozaliwa huko mwaka 1811 wakiwa wameungana kifuani. Walihamia Marekani, wakawa wakulima, wakaoa dada wawili, wakapata watoto 21 kwa jumla, na wakafariki siku moja ya Januari 1874, wakipishana saa chache.

Sisi hatuhitaji kwenda Siam. Maria na Consolata Mwakikuti walizaliwa mwaka 1996 katika Hospitali ya Ikonda, Makete, wakiwa wameungana kiwiliwili. Wazazi walifariki wao wakiwa wadogo, wakalelewa na wamisionari wa Consolata, na ndiyo asili ya majina yao. Wakasoma shule ya msingi, wakasoma sekondari, mwaka 2017 wakafaulu kidato cha sita na kuingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, Iringa, kusomea ualimu. Walipokuwa wakihojiwa kwenye televisheni, mtu aliyekuja kutazama ajabu alijikuta anasikiliza wasichana wawili, mmoja akimaliza sentensi, mwingine akiipinga. Walifariki Juni 2, 2018, wakiwa na miaka 21. Kwa mkanganyiko wetu huu wao ni somo gumu kuliko mengine: yai moja, kiwiliwili kimoja, na bado watu wawili, majina mawili.

Limebaki la tatu, nani huleta mapacha, na hili ndilo lililoniudhi kwa miaka.

Wa yai moja hawaletwi na mtu. Duniani kote hutokea kwa kiwango kinachokaribiana, kama uzazi 4 katika kila 1,000, kwa Msukuma, Mchina au Mzungu, na kwa kawaida hawaendi kwa ukoo. Wa mayai mawili ndio wenye ukoo. Ndio wanaoifanya Afrika kuwa na mapacha wengi kuliko mabara mengine, na ndio waliojaa kwa Wayoruba, ambako tafiti za zamani zilihesabu jozi zaidi ya 40 katika kila uzazi 1,000. Kule watu husifia viazi vikuu, kama huku mabinti wanavyokatazwa ndizi pacha, zile mbili zilizoshikana ganda moja. Ndizi hizo zilishikana tangu zikiwa ua, mambo yao yaliishia mgombani. Ukila utashiba.

Ili mapacha wa mayai mawili wapatikane, lazima mwanamke aachie mayai mawili mwezi mmoja. Mwanamke. Uwezekano huongezeka akiwa amevuka miaka 35, akiwa ameshazaa mara kadhaa, au akiwa ameurithi kwa wazazi wake. Mwanamume hutoa mbegu mamilioni kila mara. Idadi ya mbegu zake haiwezi kuongeza yai ambalo halipo. Anaweza kubeba kinasaba alichopata kwa mama yake, lakini kwake hakifanyi kazi. Atampa binti yake, na kwa binti ndipo kitaamka. Ndiyo maana watu husema mapacha "huruka kizazi": hawaruki, walipitia kwa mwanamume kimyakimya, kama abiria aliyelala mpaka kituo chake.

Kaka zangu hawajawahi kulielewa hili. Walipooa, wote wawili walijigamba kwamba damu ya mapacha ni yao, na mke wa Kulwa alipojifungua mtoto mmoja, wifi wa watu akaulizwa kana kwamba kapoteza mzigo. Mama alizaa mapacha wa mayai mawili, kwa hiyo kama kuna kilichorithiwa, wao watakipitisha kwa mabinti zao. Anayeweza kukitumia mwenyewe, kwa uwezekano unaokaribia mara mbili ya mwanamke mwingine, ni binti wa mama huyo. Na mama ana binti mmoja.

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki, kadi mpya mkononi. Nesi akauliza bila kuinua macho kama kuna historia ya mapacha. Nikasema ipo. Akauliza, "Upande wa baba wa mtoto?"

"Hapana, nesi," nikamwambia. "Andika upande wangu."